Life is Strange, The Last of Us au Detroit: ipi inamfaa mtoto wa miaka 14?

Mama_Kilua:
Wakuu habari zenu. Binti yangu ana miaka 14 na anapenda sana magemu ya stori, yale unakaa na wahusika mpaka unawazoea kama ndugu. Sasa kaniletea majina matatu: Life is Strange, The Last of Us na Detroit: Become Human. Nikaangalia vibandiko vya umri, mbili zina 18 ya PEGI, ule mfumo wa Ulaya, Life is Strange ina 16, na ESRB ya Marekani imezipa zote tatu M, yaani miaka 17 kwenda juu. Kwa vibandiko peke yake jibu ni hapana, lakini sitaki kumkatalia kitu nisichokijua, na wala sitaki kumruhusu eti kwa sababu wenzake wanacheza. Mliozimaliza niambieni ndani kuna nini hasa, uhondo niharibieni tu.

pedi_mkononi:
Dada mimi nimezimaliza zote. The Last of Us asubiri kwanza, na tatizo siyo yale mazombi. Mwanzoni kabisa unamcheza Sarah, mtoto wa miaka 12, na muda mfupi baadaye anapigwa risasi na askari anafia mikononi mwa baba yake. Hilo bado mtoto analibeba. Pagumu ni sehemu ya majira ya baridi, hapo unamcheza Ellie ambaye ana miaka 14, sawasawa na binti yako, anakutana na mtu mzima anaitwa David, mpole, anaongea vizuri, anakubali hadi kumpa dawa, kumbe kundi lake linakula watu na yeye mwenyewe ana nia mbaya na yule binti. Anamfungia kwenye kizimba, baadaye anamwinda ndani ya mgahawa unaoungua, na jinsi Ellie anavyommaliza na panga, anapiga tu hata akiwa ameshakufa, mimi mtu mzima niliweka pedi ya gemu chini nikatoka nje. Halafu huna la kuchagua, stori ni moja, unasukumwa mpaka mwisho.

Baba_Mapacha:
Mkuu nakubali kuhusu David ila sikubaliani na kuogopa damu kuliko vyote. Kwangu Life is Strange ndiyo ya kuangalia kwa makini kwa sababu inaonekana laini: rangi nzuri, gitaa, wasichana wa shule, mzazi akichungulia anasema hii haina neno anaondoka. Ndani kuna wasichana wanaowekewa dawa za kulevya na kupigwa picha, kuna kujiua, na baadaye kuna rafiki anaumwa anakuomba umsaidie afe. Ukiwa na The Last of Us angalau unajua umeshika nini.

Mwl_Zuhura:
Baba Mapacha umegusa penyewe. Hizi mamlaka, ESRB tangu 1994 na PEGI tangu 2003, zinaangalia vilivyomo: vurugu, matusi, ngono, dawa za kulevya, kamari. PEGI wanaweka hadi vipicha nyuma ya kasha, ngumi, bomba la sindano, buibui kwa ajili ya vitisho. Zinasaidia sana na mimi nazisoma. Ila uzito wa huzuni hauna kipicha. Gemu la What Remains of Edith Finch ESRB wameipa T, yaani miaka 13, na humo mtoto mchanga anafia kwenye beseni la kuogea huku wewe ndiye unayemchezesha, taratibu, na muziki mzuri. Mzazi aliyefiwa na mtoto, au mtoto aliyepoteza mdogo wake, ile T haimwambii chochote.

Kwa hiyo Mama Kilua, kabla ya gemu mwangalie binti. Kuna msiba wa karibuni? Anaonewa shuleni? Akikwazwa anasema au anajifungia? Majibu ya hayo yananipa mwanga kuliko ile 16 na 18.

kimya_tu:
Mimi nina miaka 19, Detroit niliicheza nikiwa mdogo kuliko inavyotakiwa. Kuna usiku wa mvua pale kwa Kara, roboti mfanyakazi wa nyumbani, baba mwenye nyumba amelewa dawa anapandisha ngazi na mkanda kwenda kwa mtoto, na wewe ndo Kara, ukichelewa kuamua mtoto anaweza kufa. Kwetu mambo ya hivyo hayakuwepo nikaona ni gemu kali tu. Rafiki yangu aliyekuwa anacheza na mimi kwao yalikuwepo, alinyamaza siku nzima. Gemu lilelile, chumba kilekile. Namuunga mkono mwalimu.

Mama_Kilua:
Asanteni sana, mmenipa mwanga kweli. Mwalimu, hajafiwa, haonewi, na akikwazwa anasema mpaka nachoka mimi. The Last of Us nimeshaamua bado, kwa ajili ya huyo David, na nitamwambia sababu wazi. Detroit tutaona mbele. Life is Strange ndiyo naielekea, tucheze wote wawili sebuleni, siyo chumbani kwake. Ile ya kujiua ikoje?

pedi_mkononi:
Ni episodi ya pili dada. Kate, mwanafunzi mwenzake Max, yuko juu ya paa la bweni, na Max, yule unayemcheza, ambaye muda wote anarudisha wakati nyuma, pale uwezo unamwishia. Unabaki na maneno tu. Ukikosea hurudi, na Kate anaweza kufa.

Mwl_Zuhura:
Hapo usiwe jikoni. Na akimpoteza usikimbilie kusema "ni gemu tu", kwa sababu yeye atakuwa anajilaumu kweli. Muulize alikuwa anataka kumwambia nini.

Baba_Mapacha:
Kitu kimoja tu, kwenye konsoli usimpandishie umri wa akaunti nzima ili gemu lifunguke, maana utakuwa umefungua na mengine yote. Ruhusu hilo moja.

pedi_mkononi:
Na mwambie mwanzo wa hiyo episodi asipite haraka chumbani kwa Kate, aangalie picha za familia, asome kila kitu. Baadaye Kate atapiga simu, apokee. Vyote hivyo vinahesabika akifika kule paani.