Sailensa ya 230E yenye K-Jetronic: kutafuta hewa ya wizi, kufungua kigawa mafuta au kufunga kabureta?

Bwiru230E

Ndugu zangu, salaam. Ninayo Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1981, umbo la W123, ambayo ilikaa chini ya mwembe hapa Bwiru kwa takribani miaka minne kabla sijaanza kuifufua. Asubuhi inawaka mara moja, lakini injini ikishapata moto sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) hupanda hadi mizunguko 1,200 kwa dakika, hushuka hadi 500, kisha hupanda tena, na nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga huzima kabisa. Ajabu ni kwamba nikiwa mwendoni haina kasoro. Nimekwenda nayo Magu na kurudi bila misi (injini kukatakata) hata moja. Plagi, waya, kofia ya distribyuta na filta ya petroli ni vipya.

Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anataka kukifungua kigawa mafuta akisafishe, wa pili anataka nibadilishe regyuleta inayorekebisha petroli wakati injini inapata moto, na wa tatu anasema mfumo wote wa K-Jetronic, yaani ule unaopuliza petroli kwenye injini, ung'olewe afunge kabureta, ambayo tayari anayo dukani. Naomba waliopitia njia hizi wanieleze ipi ina maana kwa gari la namna hii, hapa kwetu Mwanza.

FundiMabatini

Shikamoo mzee wangu. Kabla ya kuchagua kati ya hizo tatu, ningeomba uongeze ya nne, ambayo ndiyo ya bei ndogo kuliko zote: tafuta hewa ya wizi.

Mfumo huo hauna kompyuta. Hewa inayovutwa na injini husukuma sahani, sahani husukuma mkono, na mkono huinua pistoni ndogo iliyo ndani ya kigawa mafuta, ambayo huruhusu petroli iende kwenye nozeli zote nne mfululizo bila kukatika. Kwa hiyo hewa yoyote inayoingia baada ya sahani, kupitia mpira uliopasuka au oringi iliyokauka, haijapimwa na wala haijapewa petroli yake. Ukiwa mwendoni injini inameza hewa nyingi, na hicho kidogo cha wizi hakionekani. Kwenye sailensa hewa yote ni kidogo, hivyo cha wizi kinakuwa sehemu kubwa na injini inakosa petroli. Maelezo yako kuhusu safari ya Magu ndiyo yaliyonifanya niwaze hivyo.

Jaribu hili injini ikiwa na moto: fungua kifuniko cha kuwekea oili. Injini ikiyumba na kutaka kuzima, kuna dalili njema kwamba mfumo umeziba vizuri. Ikitulia na kuwa nzuri zaidi, petroli imezidi. Isipojali kabisa, hewa inapita kwingine, na hapo uanze na ule mpira mpana uliopinda kati ya sahani na koo la hewa. Uuchomoe na kuukunja kwa mikono, kwa sababu nyufa zake huwa upande wa chini ambako jicho halifiki. Zifuatie oringi za nozeli. Gari lililokaa miaka minne kwenye jua la Bwiru halina mpira hata mmoja wa kuaminika.

Kivuko_Sengerema

Mimi namuunga mkono fundi wa tatu, na nina sababu. Nilikuwa na gari la mfumo huo huo, nikafunga kabureta, na tangu hapo fundi yeyote wa njiani kati ya Sengerema na Geita anaweza kunisaidia kwa bisibisi moja. Mfumo bora usio na mtu wa kuushika si bora kwako.

DadaWaNyegezi

Kaka yangu, hoja yako naiheshimu, lakini umeruka gharama zake. Pampu ya umeme ya K-Jetronic hutoa petroli kwa presha ya karibu baa 5, wakati kabureta inahitaji sehemu ndogo tu ya baa moja. Ukiiacha pampu ile ile, kabureta itafurika petroli na gari linaweza kuungua. Kwa hiyo mzee atanunua kabureta, pampu nyingine, manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) inayoikubali kabureta hiyo, na kutengeneza upya nyaya za pedali, kisha atabaki na gari ambalo mnunuzi anayeyajua magari haya atashusha bei yake mara tu akifungua boneti. Kabureta nayo inayumba vilevile ikiwa manifoldi inavuta hewa ya wizi.

Kuhusu kukifungua kigawa mafuta, naomba mzee asikubali kirahisi. Gari langu ni 280E, na nilipolileta kutoka Dar es Salaam gereji moja ilitoa ile pistoni ndogo, ikakuta doa la kutu lililoachwa na maji ya kwenye tanki, ikalisugua kwa msasa. Pistoni hiyo hukaa kwenye silinda yake kwa nafasi finyu mno, nayo ikishakwaruzwa haina tiba. Nilinunua kigawa kilichotumika kwa bei ambayo sitaki kuitaja mbele za watu. Ikibidi itolewe, ioshwe kwa petroli safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, basi.

La mwisho: W123 nyingi hufunga milango kwa nguvu ya mvuto wa hewa kutoka injini. Kiputo kimoja (kile kinachovutwa na hewa hiyo ili kufunga kufuli) kikitoboka ndani ya mlango ni tundu kwenye manifoldi. Chomoa bomba hilo karibu na injini, ziba tundu, usikilize sailensa. Kwangu mlango wa nyuma kushoto ndio uliokuwa mwizi mmojawapo, na nilikuwa nimeutafuta wiki nzima chini ya boneti.

Kivuko_Sengerema

Suala la pampu ni kweli, na mimi niliibadilisha. Sikulitaja kwa sababu nilidhani linajulikana.

FundiMabatini

Nimalizie kuhusu regyuleta, maana huyo fundi wa pili hajakosea kuitaja, amekosea kutaka kuibadilisha bila kupima. Geji ya presha yenye valvu ikifungwa kati ya kigawa mafuta na regyuleta, injini ikiwa na moto, inapaswa kusoma karibu baa 3.6. Presha hiyo ndiyo inayoikandamiza pistoni kutoka juu. Ikiwa ndogo, petroli inazidi na moshi unakuwa mweusi, na ikiwa kubwa, petroli inapungua. Geji ninayo, mzee unaweza kuja na gari.

Halafu kuna skrubu ya mchanganyiko inayofikiwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3. Watu hukimbilia kuizungusha kwanza, na wanazika tatizo la hewa chini ya petroli nyingi. Iguswe mwisho, kwa hatua ndogo kuliko robo mzunguko, na alenki itolewe kabla ya kukanyaga mafuta. Kuelekea kulia ni kuongeza petroli. Magari yaliyorekebishwa Dar es Salaam, kama la dada, mara nyingi hufika hapa petroli ikiwa imezidi kidogo, kwa kuwa ziwa liko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari na hewa ni nyepesi.

Bwiru230E

Nawashukuru nyote. Kifuniko cha oili nilikifungua jana jioni na injini haikujali hata kidogo. Ule mpira mpana ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole upande wa chini, kama ilivyosemwa, na oringi mbili kati ya nne za nozeli zilivunjika mkononi kama biskuti. Nimebadilisha zote pamoja na mpira. Milango nimeijaribu, haihusiki.

Sasa sailensa imetulia kwenye 800 hivi, na nikifungua kifuniko cha oili injini inataka kuzima. Imebaki harufu ya petroli kwenye eksozi, nadhani kwa sababu mmoja wa wale watatu alikuwa ameshaizungusha skrubu. Sitaigusa mpaka presha ipimwe. Fundi, nitakuja Mabatini Jumamosi asubuhi, na mwenye kabureta nimeshamwambia amuuzie mtu mwingine.