Ticha wa filimbi kaiga sauti ya dudu mbele ya mwanangu. MBELE YANGU!!!

Wakuu, natetemeka, mnisamehe herufi zikirukaruka. Nimetoka pale shuleni sasa hivi. Simtaji jina. Wenye watoto pale mnamjua, yule wa filimbi shingoni, anayeongea na wazazi kama vile tumechelewa gwaride.

Jumanne watoto wa chekechea waliwekewa kipindi cha kunawa mikono kwenye runinga. Jambo jema, nani atapinga kunawa? Sasa humo ndani kuna mtoto kasahau kunawa, mara kiganja kinatutumka, kinachanika, kinaota meno, kinageuka dudu zima linalonguruma "NITAKULA VIDOLE!" Mimi mwenyewe nimekitazama jana usiku kwa simu, nikanyanyuka kwenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Mwanangu ana miaka mitano. Tangu Jumanne amevaa soksi mikononi. Anakula na soksi, analala na soksi, kamasi anafutia soksi. Na hanawi! Kipindi cha kunawa kimenipa mtoto asiyenawa, maana dudu moja linakaa kwenye tundu la sinki, na jingine limelala ndani ya kiganja, likisikia maji linaamka. Nikamwambia, mwanangu, ile ni katuni tu. Akaniangalia kwa huruma: "Najua baba. Ila lipo."

Basi leo nikaenda kistaarabu, shati nimechomekea. Nikaeleza yote, mtoto nimemshika mkono, yaani soksi. Mnajua yule mtu alifanya nini? Akainama mpaka usawa wa uso wa mtoto, akakunja vidole kama makucha, akanguruma: "NITAKULA VIDOLEEE!"

Kaiga sauti, wakuu. Na makucha juu. Mtoto kanipanda kama ngazi, hapa nilipo shati halina vifungo viwili. Halafu ndiyo naambiwa, "Baba, huyu umemlea kwenye pamba." Haya, pamba nimesamehe. Lakini kuiga sauti?! Nimeenda kulalamikia dudu, nikapokelewa na dudu lenyewe limevaa filimbi!

Nishaurini. Au ushauri uje baadaye, kwanza tumseme.

Kijiti Kikavu: Nimeshakaa siti ya mbele. Mleta uzi, hebu rudia pale pa kuiga sauti, sijaelewa vizuri.

Baba wa Mmoja (mleta uzi): AKAINAMA. AKAKUNJA VIDOLE. AKANGURUMA.

Mama Pacha: Huyo ni yeye kabisa, huhitaji kumtaja. Wangu mmoja alilia siku ya kwanza, akapulizwa filimbi anyamaze. Akalia na wa pili.

Nyundo Baridi: Mwanaume mzima umekagua mlango kisa kiganja cha katuni. Halafu unauliza mtoto uoga kautoa wapi. Pole, Baba Soksi.

Baba wa Mmoja: Mlango nilifunga kwa sababu ya upepo.

Nyundo Baridi: Upepo unaokula vidole?

Chaki Nyeupe: Mimi nafundisha awali, naomba nisikilizwe kabla ya mawe. Mtoto mdogo, mpaka anapofika miaka saba au minane hivi, anaogopa kile kinachotisha kwa macho, na kibaya zaidi ni kitu cha kawaida kinapogeuka mbele yake. Kiganja kuwa dudu, hapo wamempatia hasa. Maneno ya "si kweli" yanawasaidia wakubwa kidogo. Huyu mpakate, mwachie taa ndogo usiku. Mpe karatasi alichore hilo dudu, kisha alivalishe kofia ya kichekesho, yeye ndiye bosi wake. Anawe kwa kikombe, mbali na hilo sinki, aanze na kidole kimoja. Usimlazimishe, usimcheke, na usimrudishie kipindi ati azoee. Akiamka kuelekea alfajiri akakusimulia ndoto, kaa naye mpaka atulie. Lakini akipiga kelele saa moja au mbili baada ya kulala, macho wazi na hakutambui, usimtikise. Linda tu asijiumize, asubuhi hata hakumbuki.

Baba wa Mmoja: Shukrani sana mwalimu, kofia nimeipenda. Swali moja. Wewe unaweza kuinama ukaiga sauti?

Chaki Nyeupe: Hapana, ndugu yangu.

Baba wa Mmoja: BASI!

Maktaba Kichwani: Haya mambo si ya kuchekea. Tarehe 31 Oktoba 1992 BBC walirusha mchezo wa mizimu ulioigizwa kama matangazo ya moja kwa moja. Mwaka 1994 madaktari wakaandika kwenye jarida lao habari za wavulana wawili wa miaka 10 waliougua kwa hofu baada ya kuutazama. Na Japani, Desemba 1997, katuni moja ilipeleka watoto zaidi ya 600 hospitali, ingawa ile haikuwa hofu, ni mwanga mwekundu na wa buluu uliomwekamweka kwa kasi.

Kijiti Kikavu: Mkuu, mtu ana soksi mikononi, wewe uko Japani.

Mama Pacha: Afadhali dudu. Mimi juzi saa nne usiku naambiwa kesho yanatakiwa mapafu ya maboksi na gundi. Mapafu! Nimetengeneza mimi, mtoto anakoroma. Nimepewa 6 kati ya 10. MIMI, mtu mzima, napewa sita.

Nyundo Baridi: Sita unalalamika? Mke wangu moyo wake ulipata nne. Waliandika kwa wino mwekundu, "Vyumba viwili havipo."

Kijiti Kikavu: Nyie hamna shida. Kundi letu la wazazi kuna mtu anatuma sauti ya dakika tisa, saba ni salamu.

Maktaba Kichwani: Moyo wa binadamu una vyumba vinne.

Nyundo Baridi: Kamwambie mke wangu.

Chaki Nyeupe: Kwani kazi ya mikono mnamfanyia mtoto ya nini? Sisi walimu tunajua, mapafu ya mtoto hayanyooki vile.

Mama Pacha: Kumbe mnajua na sita mnatoa?! Haya, gundi imegandia suruali yangu ya kazini, mwenye dawa aseme.

Baba wa Mmoja: Ni ile nyeupe ya shule? Loweka kwenye maji ya vuguvugu, ikilainika ikwangue taratibu kwa kijiko. Soksi zetu zimetoka hivyo hivyo jioni hii, alikuwa anabandika kofia.

Mama Pacha: Imetoka! Ubarikiwe. Jamani Ijumaa wanataka figo, nani ana maboksi?