MREJESHO: Seti ya .22 kwenye bastola ya milimita 9

Wakuu, narudi na majibu. Niliuliza kuhusu bastola yangu ya milimita 9 niliyoifunga seti ya .22 LR (slaidi na mtutu vya kubadilishia, ili ipige risasi ndogo za .22) kwa mazoezi ya shabaha: maganda yalikuwa yanakwama na slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi ikitoka) hairudi hadi mwisho. Asanteni wote mliochangia.

Aliyesema nibadilishe risasi ndiye aliyepatia. Zile za kasi ya kawaida hazikuwa na nguvu ya kuisukuma slaidi, ingawa ya seti ni nyepesi kuliko ya asili. Nimehamia za kasi kubwa, zenye kichwa cha uzito wa greni 40 (kama gramu 2.6) kilichopakwa shaba, na kukwama kumepungua sana. Kusafisha chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) nako kumesaidia, maana .22 ni chafu jamani, masizi na nta vinaganda mapema mno. Mafuta natia tone tu kwenye reli.

Kilichobaki: mara mojamoja risasi inagoma kulipuka. Nasubiri nusu dakika mtutu ukiwa umeelekea shabaha, isije ikalipuka kwa kuchelewa, ndipo naitoa. Alama ya pini ukingoni mwa ganda inaonekana vizuri, kwa hiyo nashuku kilipuzi, ambacho kwenye .22 hukaa ndani ya ukingo huo, hakikusambaa sawasawa. Nitajaribu aina nyingine.

Aliyeshauri nikate springi ya slaidi, samahani mkuu, hilo sikulifuata.

Pia risasi zinatua chini kidogo kuliko za 9. Seti ina vilengeo vyake, nimevirekebisha, imekaa sawa. Kwangu suala limeisha, labda hizo zinazogoma tu.