Nimestaafu nikaja kijijini kupumzika, leo asubuhi nimeletewa BILI YA MBUZI

Wakuu salaam, ingawa mimi mwenyewe hiyo salama sina.

Naandika mkono unatetemeka na sio uzee. Huyu bwana jirani yangu kanishinda. Simtaji, mnamjua. Hata ambaye hajawahi kukanyaga Lushoto anamjua, maana kila kijiji kimegawiwa wake. Yule yule wa kusimama mwisho wa kikao na kusema "mimi sikupewa taarifa". Yule yule ambaye jembe ni lako, lakini siku ukilihitaji unakwenda kuliazima kwake.

Mimi Dar nimeiaga kwa roho safi. Ujana wangu wote umeishia kwenye foleni ya Kimara. Nimestaafu nikasema basi, napanda zangu mlimani, nyumba ipo, hewa ipo, baridi la Julai la kulala na koti, nani kama mimi? Nikanunua miche ya parachichi Hass, ile ya kubebeshwa, nikaipanga kwenye matuta ya ngazi imenyooka kama gwaride la Desemba 9. Mke wangu analalamika kwamba naongea na miche kuliko ninavyoongea na yeye. Ndiyo, naongea nayo. Haijibu.

Juzi mbuzi wa huyo bwana kaingia shambani. Sio kwamba alipotea njia, hapana, kaingia kama mwenye hati ya kiwanja. Kala tuta lote la juu, kaacha vijiti vimesimama. Nikamfunga kamba, nikamrudisha kwa adabu zote, nikamwambia mwenye mbuzi hali halisi. Akanijibu "pole". Pole kavu, hata "sana" hakuweka. Nikameza.

Sasa leo. Ukungu bado uko mlangoni, nasikia hodi. Nikajua kaja kuomba radhi, nikavaa hadi viatu. Nafungua, jamaa kasimama na karatasi ya daftari la hesabu, lile la vyumba vyumba, kachana vibaya, kaandika kwa peni ya kijani:

Sindano – 12,000
Dawa ya minyoo – 6,000
Boda ya bwana mifugo kuja na kurudi – 8,000
Maziwa yaliyopotea – 7,000
Usumbufu – 5,000
JUMLA 38,000/=

USUMBUFU! Elfu tano! Mbuzi wake kala shamba langu, halafu aliyesumbuka ni yeye!

Nikamuuliza bwana, hii nini? Akaniambia mbuzi ananyonyesha, tangu ale "vile vitu vyako" kiwele kimevimba na maziwa yamekata. Halafu akanishika bega mbele ya kijana wangu wa shamba, akashusha sauti, akasema: "Mzee mwenzangu, huku sio Dar. Huku tunaishi na watu."

Hapo bado sijakasirika. Subirini.

Mke wangu huko ndani kasikia sauti ya mtu, na yeye kwa ukarimu wake ambao siku moja utatufilisi, akaita "karibu chai shemeji". Jamaa kapita. Kakaa kwenye kiti changu cha kamba, ambacho wajukuu wenyewe wanakiogopa. Kamiminiwa chai ya maziwa. Bili ameiweka mezani, kaikandamizia kikombe isipeperuke. Kapiga funda moja, akatulia kidogo, akamgeukia mke wangu: "Shemeji, sukari kama imepita mbali."

SUKARI IMEPITA MBALI. Kwenye nyumba yangu. Juu ya bili yangu. Anadai maziwa yamepotea huku ananywa yangu!

Na mke wangu akaenda kuleta kopo. Kopo zima, wakuu, sio kijiko.

Nimetoka nje nisije nikafanya jambo. Sasa hivi nipo kwenye matuta na simu, naongea na nyie na vijiti vyangu. Bado namsikia anacheka humo ndani. Sukari imepita mbali!

---

Mla Bata: Nimekaa pale. Chai yangu ninayo, na sukari ipo jirani tu.

Kibuyu cha Soni: Nimefika kwenye "usumbufu" nikaanguka. Huyu namjua kabisa. Huku kwetu alileta bili ya kuku kavunjika mguu akikimbia jiwe langu. Nilivyomwambia jiwe halikumpata, akasema ndiyo maana nakudai mguu tu.

Jembe Butu: Uzi bila picha ya mbuzi ni umbea. Weka na ya bili.

Dakitari wa Ng'ombe: Pole mkuu, ila jirani ana hoja. Majani ya mparachichi yana sumu inaitwa persini. Mbuzi anayenyonyesha akiyala, kiwele kinavimba na maziwa yanakata, vilevile alivyokueleza. Akila mengi inakwenda mpaka kwenye moyo, anakufa. Hiyo dawa ya minyoo tu ndiyo haihusiani, hapo kakuchomekea.

Mla Bata: Kumbe mbuzi ndiye mhanga! Mwenye uzi njoo utoe tamko.

Mstaafu wa Milimani: Dakitari umetumwa? Mimi ndiye niliyemwalika mbuzi? Niliandika kibao "karibuni chakula"? Na hiyo sumu yako inaeleza suala la sukari? Maana hapo ndipo ninapotaka majibu. Mtu anakudai, anakunywea chai, halafu anakwambia sukari imepita mbali. Jibuni hilo kwanza.

Binti Mwalimu: Baba yangu, lipa. Hiyo 38,000 ni ada ya kukaa kwa amani. Siku ukizidiwa usiku, wa kukubeba mpaka barabarani ni huyo huyo. Na mama anaonekana kashalielewa hilo zamani, ndiyo maana katoa kopo.

Jembe Butu: Mama ndiye kastaafu vizuri hapo. Mzee bado yuko ofisini.

Wa Kibosho: Huku kwetu Kilimanjaro hakuna kesi ya namna hii, mifugo inakaa zizini na majani unayafuata wewe, unayabeba kichwani. Na mtu akikukosea anakuja na jani la isale mkononi kuomba msamaha, sio na peni ya kijani. Wasambaa badilikeni.

Kibuyu cha Soni: Wa Kibosho punguza. Lushoto tumefundishwa kufugia ndani miaka ya 80, na ule mradi wa Wajerumani wa kuzuia mmomonyoko. Hayo matuta anayojivunia mwenye uzi yamesisitizwa sana na watu hao hao. Mradi ulipoondoka, na mbuzi wakaondoka zizini.

Mtu Baki: Suluhisho ni uzio. Panda minyaa, mbuzi hagusi. Ila angalia utomvu usikuingie machoni, utamlilia mbuzi kweli kweli. Ukishindwa, michongoma.

Mwanasheria wa Kijiweni: Mpeleke baraza la kata.

Mtu Baki: Baraza la kata tangu 2021 kwenye ardhi linasuluhisha tu, haliamui.

Mwanasheria wa Kijiweni: Mbuzi ni ardhi?

Mtu Baki: Alikuwa juu ya ardhi.

Mzee Kikokotoo: Mimi nawashangaa. Mtu amestaafu, ana nyumba, ana Hass, ana kiti cha kamba, bado analia na elfu thelathini na nane. Sisi tuliotoka kazini mkupuo, ile hela ya mafao ya mara moja, ni asilimia 33 tusemeje? Mwenye uzi lazima katoka enzi za asilimia 50.

Binti Mwalimu: Kikokotoo cha mafao tena! Kila uzi wewe.

Mzee Kikokotoo: Ndiyo, kila uzi, mpaka mnielewe. 2018 walitaka watupe 25, Magufuli akasitisha mwezi wa Desemba. 2022 mwezi wa saba ikaja 33. Mimi nikaingia hapo hapo, katikati ya 33. Halafu 2024 kwenye bajeti wakapandisha 40. Yaani mlango ulivyofunguka, mimi nilikuwa nimeshapita dirishani.

Jembe Butu: Mzee, kinachobaki si unalipwa kila mwezi?

Mzee Kikokotoo: Fundi wa bati analipwa kila mwezi?

Mstaafu wa Milimani: Jamani uzi ni wa mbuzi! Huyu mtu bado hajaondoka, sasa hivi kaulizia kama viazi vimeiva.

Mla Bata: Mbuzi kashatibiwa mkuu, tupo kwenye mafundi sasa. Nani mwingine kapigwa na fundi?

Nyumba Ndogo Kijijini: Naomba nafasi. Nimejenga Mbeya, mlimani pazuri, naona mji wote. Nikamwachia fundi hela ya tanki la lita 5,000, mimi niko Dar nafuatilia mafao yangu. Narudi, nakuta tanki kaliweka chini bondeni, nyumba iko juu. Namuuliza, anasema "bosi, huku chini palikuwa tambarare".

Kibuyu cha Soni: Kwa hiyo maji hayapandi?

Nyumba Ndogo Kijijini: Hayapandi. Yanateremka kwa jirani bila pampu, bomba lake kaliunga mwenyewe.

Wa Kibosho: Jirani anaoga bure?

Nyumba Ndogo Kijijini: Anaoga bure, na wiki iliyopita alinipigia simu kulalamika kwamba presha ni ndogo.

Jembe Butu: Hii ifunguliwe uzi wake. Weka picha ya tanki.