Toyota IST na rimu 16 za tundu 73.1, spesa mm 10: usukani unatetemeka

BabaZuu
Wakuu habari za kazi. Nina IST ya 2004, natoka nayo Kongowe kwenda mjini kila siku, na wikiendi naenda Mkuranga kwa mama. Nimefunga rimu sport za mtumba, nyuma zimeandikwa 16x7 (kipenyo na upana kwa inchi), 4x100 (bolti nne kwenye duara la mm 100), ET38 (mm kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari), 73.1 (tundu la katikati, kwa mm). Za zamani zilikuwa 15x5½, ET45. Tairi nimeweka 205/50R16. Fundi alipofunga za mbele akasema zinakaribia mno shokapu, akaweka spesa bapa za mm 10, sahani za kuisogeza rimu nje, zile zenye matundu mengi zinazoingia karibu kila gari. Nyuma hakuweka kitu.

Mpaka 70 gari linakwenda vizuri. Likifika 85 hivi usukani unatetemeka mikononi, nikivuka 100 unatulia kidogo. Balansi nimerudia, mashine inasoma sifuri. Alaimenti iko sawa. Halafu nikikata kona nimepakia watu, mbele kuna mlio wa kukwaruza. Fundi anasema nizoee, eti rimu kubwa ndivyo zilivyo. Nataka kusafiri na familia, naombeni ushauri.

MzeeWaKona
Mkuu hapo hakuna ugonjwa mkubwa. Nati za koni, zile zenye mdomo uliochongoka, zinaipeleka rimu katikati zenyewe. Fundi akaze kwa mashine ya upepo mpaka mwisho, mtetemo utaisha. Nimetumia Corolla 110 bila ringi yoyote ya kuziba tundu la katikati na sikupata shida. Huo mlio ni madigadi tu, mwambie akunje ukingo wa ndani.

MkerezajiGerezani
BabaZuu, usisafirishe watoto na hizo spesa. Rudisha rimu za zamani leo, mengine tuyazungumze gari likiwa salama.

Nakereza ringi na spesa hapa mtaa wa Gerezani, Dar. Gari likija na maelezo kama yako, usukani nauacha kwanza, nahesabu mizunguko ya nati. Nawe fanya hivyo nyumbani. Legeza nati kidogo gari likiwa chini, piga jeki, halafu ifungue nati moja kwa vidole ukihesabu mpaka itoke. Bolti zako zina unene wa mm 12 na hatua ya uzi ni 1.5, yaani kila mzunguko nati inasogea mm 1.5. Nati inatakiwa iume uzi angalau sawa na unene wa bolti, yaani mm 12, na hiyo ni mizunguko 8 kamili. Spesa bapa ya mm 10 imemeza mm 10 za uzi huo. Ukipata mizunguko 5, tairi limeshikwa na ncha za bolti.

Sasa mtetemo. Katikati ya habu ya IST, kile kitako chenye bolti kinachofungiwa rimu, kuna kola iliyochomoza, kipenyo chake mm 54.1. Tundu la rimu yako ni 73.1. Rimu nyingi zisizo za kiwandani hutobolewa kubwa makusudi ili ziingie magari mengi: Toyota za bolti tano kama Mark X ni 60.1, Honda nyingi 64.1, Nissan 66.1, Mazda 67.1. Kwako kuna pengo la mm 9.5 kuzunguka kola yote, na hakuna ringi ya kuliziba. Tena hiyo spesa bapa imeimeza kola yenyewe, kwa hiyo hata ukinunua ringi haina pa kukalia.

Watu wengi wanadanganyika na ile sifuri ya balansi. Mashine inaishika rimu kwa koni ndani ya tundu la katikati, kwa hiyo pale iko sawa kabisa. Ikifika kwenye gari inaning'inia kwenye bolti, uzito wake unaivuta chini, nayo inabanwa ikiwa pembeni kidogo. Sehemu ya milimita inatosha kukutetemesha mwendo wa 85.

MzeeWaKona, kuhusu koni uko sahihi, lakini ni pale nati zinapokazwa kwa mkono, kwa msalaba (moja, kisha inayoikabili), tairi likiwa hewani. Fundi akiipiga nati ya kwanza kwa mashine ya upepo, rimu inabaki pale ilipokutwa. Na kukaza mpaka mwisho kunaivuta bolti kupita uwezo wake, siku moja inakatika. Kipimo cha nguvu ya kukaza nati za Toyota hii ni Nm 103. Ringi nayo haibebi gari. Kinachobeba ni uso wa rimu kubanwa barabara na uso wa habu, ringi inaiweka rimu katikati wakati unakaza.

Madigadi msiyakunje kabla ya kupiga hesabu. Rimu mpya imezidi ya zamani upana wa inchi 1½, ambayo ni mm 38, zikagawanyika 19 ndani na 19 nje. ET imeshuka kutoka 45 hadi 38, inasukuma nje mm 7. Kwa hiyo ukingo wa ndani umeingia mm 12 zaidi, wa nje umetoka mm 26. Weka spesa ya 10 juu yake: ndani zimebaki mm 2, nje zimekuwa 36. Mlio wako unatoka hapo.

Spesa inaweza kufungwa salama. Iwe imekerezwa kwa ajili ya gari lako: ndani 54.1 ishike habu, nje iwe na kola yake ya 73.1 ishike rimu, na bolti za habu zibadilishwe kwa ndefu zaidi, ziingizwe kwa presi kutoka nyuma. Kazi hiyo naifanya na inanilipa, lakini kwa IST nakushauri utafute rimu inayoingia bila spesa. 16x6 ya ET40, kwa mfano, inaingia ndani mm 1 na kidogo, inatoka nje mm 11. Tairi ivae 195/55R16, kimo chake mm 621, sawa na 185/65R15 ya kiwandani.

MamaForester
Naongezea kwa wenye Subaru, maana rimu za 5x100 tunauziana na watu wa Toyota. Forester yangu ya 2005 habu ni 56.1 na uzi wa bolti ni 1.25, siyo 1.5. Nati ya Toyota inaanza kuingia halafu inakwama. Ukilazimisha umeharibu bolti.

BabaZuu
Nimehesabu. Kulia mizunguko minne na nusu, kushoto mitano. Nimetoa zote, narudi na za zamani. Aliyeniuzia amekubali tubadilishane, ana seti ya 16x6, ET40, 4x100, tundu 67.1. Ilala nimeona ringi za plastiki. Ninunue hizo au za aloi? Na nati zangu za zamani zina washa bapa, zitafaa?

MkerezajiGerezani
Sawa kabisa. Ringi iwe nje 67.1, ndani 54.1, iingie kwa kusukuma na mkono, isicheze. Plastiki ngumu inafanya kazi. Ila kama unashuka mlima Kitonga na mzigo, breki za mbele zinachemka na plastiki inaweza kulainika, ndiyo maana mbele napendelea aloi. Aloi inataka usafi: piga habu brashi ya waya mpaka kutu yote itoke, paka grisi nyembamba kwenye kola tu, isiguse uzi wa bolti wala uso wa habu. Ringi isichomoze nyuma ya rimu hata kidogo, maana rimu haitalala bapa.

Nati zenye washa bapa hapana. Tazama matundu ya nati kwenye hiyo seti. Yakiwa ya koni, nunua nati za koni zenye pembe ya digrii 60, M12 (za bolti ya mm 12), uzi 1.5. Kaza kwa vidole tairi likiwa hewani, kisha kwa spana kwa msalaba, shusha gari umalizie kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukishatembea kilomita 80 hadi 100, zipime tena zikiwa baridi. Zile bapa zihifadhi pamoja na rimu za zamani, ndizo nati zake.