Wanakondoo wanalegea miguu na kuhema: naomba ushauri

Habari zenu ndugu wafugaji. Nipo Bukwo, upande wa Mlima Elgon, nafuga kondoo 23. Tangu mwezi jana wanakondoo watatu wa miezi minne wanaburuta miguu ya nyuma na kuhema kwa nguvu hata wakiwa wamelala. Homa hawana, na kunyonya wananyonya, ndiyo maana inaniuma zaidi. Mama wa wawili kati yao amekonda na anakohoa kikohozi kikavu.

Nimewapa dawa ya minyoo na sindano za oksitetrasaiklini (antibiotiki) siku tano. Hakuna nafuu. Daktari wa mifugo anashuku maedi-visna, virusi vinavyoshambulia mapafu na ubongo, ila anashangaa kwa sababu kwa kawaida dalili hujitokeza kwa kondoo wakubwa. Anasema ugonjwa huu hauna tiba wala chanjo, na mama huambukiza kupitia maziwa.

Je, kuna aliyepimisha damu ya kondoo kwa ugonjwa huu hapa Uganda, na alipeleka wapi sampuli? Na nikimtenga mwanakondoo anapozaliwa tu, nimpe dang'a (maziwa ya kwanza) ya ng'ombe, atakua vizuri? Majike wawili watazaa karibuni.