Mrejesho: ule mkwaruzo wa pampu ya maji

Wakuu, niliuliza kuhusu pampu inayotoa mkwaruzo ikizunguka, mkaniambia nisifungue kitu kabla ya kuisikiliza. Nikashika bisibisi ndefu, ncha kwenye kava la beringi (kile kipande chenye gololi kinachoshika mhimili uzunguke), mpini karibu na sikio. Upande wa feni, mvumo laini. Upande wa pili kra-kra, kama mchanga ndani ya sufuria. Nikatia grisi kidogo, ikanyamaza, nikajisifu mapema. Nusu saa tu, kelele ileile! Basi si ukavu, chuma kimelika. Kuja kufungua, njia ya gololi ina vishimo, ukipitisha ukucha unakwama. Aliyesema kipimo cha mawimbi ya sauti ya zaidi ya 20,000 Hz, yale sikio la mtu haliyasikii, kingeinasa hitilafu mapema, nakubali. Sikio langu lilichelewa. Beringi mpya imeingia, pampu imetulia.